Unamjua kocha wa timu, je, unamjua anayesaini hundi za chama chako?

Na Mwandishi Wetu, Igalula

KAMA kuna mahali ambapo mtu anaweza kusoma uchumi bila kulipa ada, basi ni kijiweni. Hapa Igalula, wilayani Uyui, mkoani Tabora, kijiwe kimoja kipo chini ya mwembe, si mbali na reli ya kati. Jioni hukutana hapo wakulima wa tumbaku wakitoka shambani, kina mama wauza karanga, madereva wa bodaboda na wazee wawili watatu ambao kazi yao kubwa ni kusahihisha historia ya kila mtu.

Nilifika hapo kwa shughuli nyingine kabisa. Nilitaka kujua wakulima wanajiandaa vipi na mikopo ya pembejeo, na nilitegemea kusikia habari za mbolea, bei na makato. Badala yake nilikuta mabishano makali kuhusu timu ya mpira wa miguu ya mkoa: nani hasa ni mwenyewe, nani anamwajiri kocha, na je, mwenye fedha akiamka kesho akasema amechoka, watu wa Tabora watabaki na nini?

Nilikaa nikasikiliza kwa zaidi ya saa moja. Kadiri mabishano yalivyokwenda mbele ndivyo nilivyozidi kuona kwamba maswali yale, neno kwa neno, ndiyo ambayo mkulima anapaswa kuyauliza katika chama chake cha ushirika. Na pia ni maswali ambayo wengi wetu hatuyaulizi kamwe.

Timu moja, majina matatu

Kwa msomaji ambaye si mpenzi wa mpira, habari yenyewe ni hii. Klabu iitwayo Kitayosce, yenye asili yake Kilimanjaro, ilihamia Tabora na mwaka 2023 ikapanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Furaha ilikuwa kubwa, kwa kuwa mkoa ulikuwa umekaa miaka mingi bila timu katika ligi hiyo. Mara ya mwisho ilikuwa Rhino Rangers, timu ya jeshi, iliyocheza msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huo huo. Kabla yake, wazee bado wanaikumbuka Milambo ya miaka ya 1990.

Furaha hiyo haikudumu. Agosti 2023, katika mchezo wake wa kwanza dhidi ya Azam jijini Dar es Salaam, Kitayosce iliingia uwanjani ikiwa na wachezaji wanane tu kwa sababu usajili wa wengine ulikuwa haujakamilika. Mchezo ukavunjika mapema, Azam ikiwa mbele kwa mabao 4-0, baada ya wachezaji waliobaki kupungua chini ya idadi inayoruhusiwa na sheria. Timu haikushindwa siku hiyo kwa kukosa watu wa kucheza. Ilishindwa mezani, kwenye makaratasi, kabla mpira haujapulizwa.

Baada ya hapo ikabadili jina na kuitwa Tabora United. Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa mateso, ikanusurika kushuka daraja kwa njia ya mechi za mtoano. Makocha wakapishana mlangoni. Goran Kopunović kutoka Serbia, Francis Kimanzi kutoka Kenya na Anicet Kiazmak kutoka Kongo ni baadhi tu ya waliopita katika muda usiofika misimu miwili.

Hata hivyo, mpira una maajabu yake. Novemba 7, 2024, timu hiyo hiyo iliifunga Yanga, bingwa mtetezi, mabao 3-1 huko huko Dar es Salaam. Ndani ya mwezi huo Yanga ikaachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Hapa Igalula watu wanausimulia mchezo ule kana kwamba ulichezwa juzi.

Kisha, mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ikaingia, na timu ikapata jina la tatu katika muda mfupi: TRA United. Hapo ndipo mabishano ya kijiweni yalipopata moto mpya.

Hoja za kijiweni

Nilichokisikia chini ya mwembe kinaweza kugawanywa katika kambi tatu.

Kambi ya kwanza ni ya wazee. Wao wanasema timu imekwenda. Jina la Tabora limeondoka, na jina likiondoka hata roho ya kitu huondoka. Mzee mmoja alieleza kwamba enzi za Milambo mtu alijua kiongozi wa timu anakaa mtaa gani, ungeweza kwenda kumgongea mlango ukamuuliza. "Sasa mwanangu, nikitaka kuuliza, nigonge mlango wa nani?" alimuuliza kijana aliyekuwa akimpinga.

Kambi ya pili ni ya vijana, wengi wao madereva wa bodaboda. Kwao jina halifungi magoli. Wanasema afadhali mwenye fedha anayelipa mishahara kwa wakati kuliko mwenyeji anayeingiza timu uwanjani ikiwa na watu wanane. Kijana yule alimjibu mzee kwa heshima, lakini bila kumung'unya maneno: "Mzee wangu, wewe unataka jina, sisi tunataka timu ibaki ligi kuu. Hilo jina ulilopenda ndilo lililotaka kutushusha."

Kambi ya tatu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza karanga za kukaanga. Yeye hakuwa na habari na jina wala kocha. Alichotaka kujua ni ratiba. Alisema kwamba ule msimu wa mashaka ulimuumiza kuliko mshabiki yeyote, kwa sababu hakujua lini watu watajaa uwanjani na lini watasusa. Kila mtu akacheka. Kisha dereva mmoja akatania kwamba kwa timu hii ya sasa, ukishangilia goli itabidi udai risiti, na mabishano yakapoa kidogo.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu mama yule ndiye aliyekuwa anazungumza uchumi.

Hesabu ya karanga

Tuchukue mfano ili tuelewane. Takwimu hizi si za mtu fulani, ni za kuonyesha hesabu tu. Tuseme mfanyabiashara wa Igalula ananunua debe moja la karanga zilizobanguliwa kwa Sh45,000. Nauli yake na ya mzigo, kwenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora na kurudi, ni Sh10,000. Mkaa, chumvi na mifuko ya kufungashia ni Sh5,000. Gharama zote ni Sh60,000.

Anapata pakiti 200 na kila pakiti anaiuza Sh500. Zikiisha zote ana Sh100,000 mkononi, yaani faida ya Sh40,000 kwa siku moja. Kwa kijijini hiyo ni fedha.

Sasa tuseme timu imekuwa na mgogoro. Mashabiki wamesusa, uwanja una nusu ya watu. Anauza pakiti 100 tu na kupata Sh50,000. Jioni anarudi nyumbani akiwa amepungukiwa Sh10,000 ukilinganisha na alichotoa, na pakiti 100 za karanga ambazo ni lazima aziuze haraka kabla hazijaingia unyevu. Kama mtaji wenyewe aliukopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, wiki hiyo marejesho yanamtoa jasho.

Huyu mama hajawahi kupiga kura ya kumchagua kiongozi wa timu, wala hajui ofisi yake iko wapi, lakini uamuzi wa kiongozi huyo umeingia mpaka ndani ya kikaango chake. Katika uchumi, mashaka ya uongozi ni gharama kama ilivyo nauli. Tofauti ni kwamba nauli unaiona na unaipangia, mashaka huyaoni mpaka siku unapohesabu fedha usiku.

Kwa wafanyabiashara wadogo wanaotegemea mikusanyiko, iwe mpira, mnada au maonyesho ya Nane Nane, kuna funzo moja la wazi. Usikope mtaji wote kwa ajili ya siku moja. Peleka bidhaa inayoweza kuuzwa hata kesho yake. Asali iliyofungwa vizuri, ambayo ni sifa ya Tabora, haiozi mechi ikiahirishwa. Maandazi yanaoza. Na inapowezekana, wauzaji wanne watano wa kijiji kimoja wakodi usafiri pamoja, kwa sababu nauli ndiyo inayokula faida ya siku mbaya.

Nani mwenye timu?

Turudi kwenye swali la mzee: agonge mlango wa nani?

Ukiangalia timu za Tanzania, wenye timu ni wa aina tatu. Kuna timu za wanachama, kama Simba, Yanga na Coastal Union ya Tanga. Kuna timu za taasisi, yaani majeshi, halmashauri na mashirika: JKT Tanzania, Tanzania Prisons, KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji. Na kuna timu za kampuni au mfanyabiashara, mfano mzuri ukiwa Azam. Kila aina ina faida na hatari yake.

Timu ya taasisi hulipa mishahara, lakini maisha yake yanategemea maisha ya taasisi. Wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa wanalijua hili. Pamba ya Mwanza, timu iliyobeba jina la zao lao, ilitamba miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Mambo yalipoharibika, timu ilipotea katika ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20, mpaka iliporudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Ushirika ya Moshi na Reli ya Morogoro nazo ziliwahi kutikisa vigogo. Leo zimebaki katika hadithi za wazee. Mashirika na vyama vilivyozibeba vilipolemewa, timu hazikuwa na mguu mwingine wa kusimamia.

Timu ya wanachama nayo ina ugonjwa wake. Katikati ya miaka ya 2000, wanachama wa Yanga waligawanyika hadi kukawa na Yanga Asili na Yanga Kampuni. Baadaye mfanyabiashara Yusuf Manji akaibeba klabu, akawa mfadhili na kisha mwenyekiti. Alipojiuzulu mwaka 2017, klabu kubwa yenye wapenzi nchi nzima ilijikuta haina fedha. Msimu wa 2018/19, kocha Mwinyi Zahera alionekana akihimiza mashabiki wachange. Ndiyo maana hadi leo watani wao wanasema Yanga ilitembeza bakuli.

Kilichoiinua Yanga baada ya hapo hakikuwa bakuli peke yake. Mei 2019 wanachama walifanya uchaguzi wakapata uongozi uliotambulika. Wadhamini wakapata mtu wa kuingia naye mkataba. Katiba ikafanyiwa marekebisho. Msimu wa 2021/22 ubingwa ukarudi. Zingatia mtiririko huo: uongozi halali ulitangulia, mkataba ukafuata, ndipo vikombe vikaja.

Kwa upande wa Simba, wanachama walipokubali mwaka 2017 kumkaribisha mwekezaji, mfanyabiashara Mohammed Dewji aliahidi Sh20 bilioni. Serikali ikasimamia msimamo kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, na wanachama wabaki na 51. Mabishano juu ya mpango ule yaliendelea kwa miaka. Kwa mkulima, jambo la kukumbuka ni hilo la 51. Mwenye fedha anakaribishwa, lakini mlango wa nyumba unabaki na wenyeji.

Sasa tuhamie ghalani

Nilipowauliza watu wa kijiweni nani kati yao ni mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, karibu wote wanaolima tumbaku walinyoosha mikono. Nilipouliza nani anajua chama chake kinadaiwa kiasi gani na benki, mikono yote ikashuka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya viongozi. Mtu huyo huyo, dakika kumi kabla, alikuwa ametutajia makocha wa timu kwa mpangilio.

Hapa naomba nieleze kinachotokea chama cha msingi kikikosa uongozi halali, maana wengi hudhani ni ugomvi wa watu wachache wanaogombea kiti.

Tumbaku inalimwa kwa mkopo. Mkulima mdogo hana fedha taslimu za kununua mbolea, viuatilifu na nyuzi za kufungia majani, hivyo chama hukopa benki kwa niaba ya wanachama na deni hukatwa wakati wa mauzo. Lakini benki haikopeshi chama kwa maneno. Ni lazima mkutano mkuu wa wanachama ukae na kupitisha makisio pamoja na ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa. Ukomo huo huidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Wanaosaini mkataba wa mkopo lazima wawe viongozi wanaotambulika kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Kwa hiyo, bodi ikigawanyika na kila upande ukadai muhuri ni wake, mkutano mkuu haukai. Mkutano usipokaa, ukomo wa madeni haupitishwi. Ukomo usipopitishwa, benki inafunga daftari. Benki ikifunga daftari, mbolea haiji. Na mvua za Tabora hazimsubiri mtu. Huanza kwa kawaida mwezi Novemba, na miche ikishafikia kimo cha kuhamishwa shambani haina subira.

Mkoa huu si mgeni wa misukosuko ya ushirika. Katika kipindi cha 2016 na 2017, Serikali iliingilia kati na kuivunja bodi ya WETCU, chama kikuu cha wakulima wa tumbaku kanda ya magharibi. Mwaka 2018, kampuni moja kubwa ya ununuzi ilijiondoa nchini, na wakulima wengi wakabaki na tumbaku bila mkataba. Hali ikaja kubadilika, wanunuzi wakaongezeka, na msimu wa 2022/23 uzalishaji wa nchi ukavuka tani 100,000. Lakini aliyekaa na marobota ghalani mwaka ule hahitaji kuelezwa maana ya kutegemea mlango mmoja.

Msimu ambao sisahau

Sizungumzi haya kwa sababu niliyasoma chuoni tu. Marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku katika wilaya nyingine ya kanda hii. Nilikuwa kidato cha tatu chama chake kilipogawanyika. Sitakitaja jina, kwa kuwa waliohusika wengine bado wako hai na wamekwishapatana.

Mwenyekiti wa zamani alikataa matokeo ya uchaguzi. Mwenyekiti mpya akachonga muhuri mwingine. Barua mbili zikaenda benki, kila moja ikikanusha nyenzake. Benki ikajibu kwamba itasubiri chama kielewane kwanza.

Baba alikuwa amekwishaandaa kitalu. Nakumbuka miche ikirefuka, ikiwa myembamba kama mabua, huku akiimwagilia kila asubuhi na kutazama barabarani kama lori la mbolea linakuja. Lilikuja baada ya Krismasi. Tuliotesha Januari. Majani yalitoka mepesi, na sokoni yakaangukia madaraja ya chini. Baada ya makato, baba alirudi nyumbani na fedha ambazo hazikutosha hata deni la duka. Aliuza ng'ombe wawili ili nirudi shuleni. Mdogo wangu wa kike alisubiri mwaka mzima.

Nilikuja kumuuliza baba, nikiwa mtu mzima tayari, alimpigia kura nani katika uchaguzi ule. Akanijibu kwamba alimpigia yule aliyekuwa ndugu upande wa mama yake. Nikamuuliza kama aliwahi kuona hesabu za chama. Akasema hapana, lakini alikuwa anamwamini.

Baba yangu alikuwa Simba wa kutupwa. Mchezo wa Jumamosi ulipotangazwa redioni, hakuna aliyethubutu kumsemesha. Aliwajua viongozi wote wa klabu, nani kaingia na nani katoka, na alikuwa na maoni juu ya kila mmoja wao. Klabu ile haikumkata hata senti moja maishani mwake. Chama kilichoshika mavuno yake yote hakuwahi kukifuatilia kwa ukali ule. Simlaumu. Hakuna aliyemfundisha kwamba maswali ni yale yale.

Maswali matano

Ndiyo maana nilipoondoka kijiweni niliwaachia maswali matano, yote nimeyatoa katika mabishano yao wenyewe kuhusu timu.

Kwanza, nani mwenyewe? Katika timu unauliza kama ni wanachama, taasisi au tajiri. Katika chama jibu linajulikana, mwenyewe ni wewe mwanachama. Lakini mwenye mali asiyehudhuria mkutano mkuu hana tofauti na shabiki anayelalamika nje ya geti wakati mpira unachezwa ndani.

Pili, nani anasaini? Yajue majina ya wanaosaini hundi na mikataba, na ujue muda wao wa uongozi unaisha lini. Uchaguzi usiachwe mpaka msimu wa kilimo umefika. Muda mzuri ni baada ya mauzo, kabla kitalu hakijaanza.

Tatu, tunadaiwa kiasi gani? Timu iliyoanza ligi na watu wanane ilikuwa na tatizo lililoanza miezi kabla ya mchezo. Deni la chama ni hivyo hivyo. Huonekana siku ya malipo, lakini lilizaliwa siku ya kusaini.

Nne, nani anakagua? Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, ndilo lenye jukumu hilo, na mwanachama ana haki ya kusomewa taarifa ya hesabu zilizokaguliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiambiwa taarifa haijafika, uliza ya mwaka jana. Nayo ikiwa haipo, andika barua kwa afisa ushirika wa wilaya, tena muandike mkiwa kumi, si mmoja.

Tano, huyu akiondoka tunabaki na nini? Ni swali ambalo Yanga ililijibu kwa taabu baada ya mwaka 2017. Chama kinachotegemea mnunuzi mmoja, benki moja na meneja mmoja anayejua kila kitu peke yake, kinaishi kwa bahati. Angalau mkulima awe na zao la pili linalomtoa, iwe karanga, alizeti, mpunga au mizinga ya nyuki, na chama kiwe na akiba yake, hata kama ni ndogo.

Njia hii ilijua maana ya kiongozi

Jambo la mwisho ni la eneo lenyewe. Njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji, ilipita katika nchi hii. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika pwani nzima, na kila msafara ulikuwa na kirangozi wake, mtu aliyetangulia mbele na bendera. Aliheshimiwa, wala haikuruhusiwa mtu kumtangulia njiani. Lakini hakuwa mfalme. Alikuwa mpagazi mwenye uzoefu, aliyebeba mzigo kama wenzake. Alifuatwa kwa sababu wenzake walijua anaijua njia na walikuwa wanamwona.

Mzee wa kijiweni, nilipomkumbusha habari hiyo, alitikisa kichwa akasema hilo ndilo alilokuwa anataka kusema tangu mwanzo, kwamba kiongozi aonekane. Kijana wa bodaboda akasema na yeye hana ubishi na hilo, ila kirangozi huyo awalipe na wapagazi. Nadhani wote wawili walikuwa na haki.

Kwa mashabiki wa TRA United, timu ina mwenye fedha sasa, na hilo ni jambo la heri baada ya mashaka ya misimu iliyopita. Kilichobaki ni watu wa Tabora kupata mlango wa kugonga: mkutano wa mashabiki na viongozi angalau mara moja kwa msimu, na ratiba inayowafikia wafanyabiashara mapema. Hayo hayana gharama kubwa.

Kwa wakulima, mlango upo tayari, na ufunguo mnao. Wakati naondoka, mama wa karanga alikuwa akimuuliza jirani yake mkutano mkuu wa chama chao ni tarehe ngapi. Jirani hakujua. Mama akamwambia aende akaulize kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba, na amletee jibu.